Upande wa Majani

Aziza mwanangu,

Zamani barua ilianza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umetoka hapa mlangoni sasa hivi ukicheka, unakwenda kuagana na wenzako mtaa wa jirani, Rosettenville, na umesema utarudi saa tatu. Ninavyokujua, saa tatu yako ni saa nne kasorobo. Basi nina muda, na nina daftari la kazi, lile ninaloandika baiskeli ya nani ina ugonjwa gani. Nimeligeuza, naanzia nyuma, kwenye kurasa zisizo na grisi.

Boksi la baiskeli yako limeegemea friji mbele yangu. Nimelifunga mwenyewe. Pedeli nimezitoa nikazitia ndani ya soksi zako za shule, usukani nimeulaza, breki nimezikagua mara nne, na mara ya nne mama yako akaniuliza kama nataka kuzioa. Hakuna kazi niliyokuachia ila kuiunga, na kuunga unajua.

Maagizo usiyatafute humu. Mama yako ameyamaliza: sweta, pilipili ya kusaga, nyama usiyojua imechinjwa na nani, simu kila Ijumaa baada ya sala. Lolote alilosahau atakupigia ukiwa umeshafunga mkanda kwenye ndege. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka kwa miaka mingi kuliko umri wako. Hata sasa nalizunguka, si unaona, nimeanza kukueleza habari za soksi.

Ngoja nianzie kwenye meza hii.

Wale Wafaransa uliowatembeza Soweto kwa baiskeli ndio waliokuombea kazi kwa ndugu yao, yule mwenye nyumba ya wageni huko kusini mwa Ufaransa, kwenye vilima vinavyoitazama bahari ya Mediterania. Alipokubali, alikutumia njia kumi za kuwapitisha wageni wake, zote za lami, zote tulivu, akakwambia uzijue kabla hujafika. Zilikuwa kwa Kifaransa. Ukazichapisha kwenye duka la intaneti, ukaja ukazimwaga mezani.

"Baba, eish, nisomee hii. Si ulisoma Kifaransa wewe?"

Nilikisoma mpaka darasa la sita, Buyenzi, kwetu Burundi, kwa fimbo. Lakini kikarudi. Wiki tatu tulikaa hapa kila jioni, wewe kwenye kiti cha ukutani, mimi kwenye hiki cha dirisha la barabarani, mimi nasoma, wewe unafuata kwa kalamu nyekundu. Barabara inaiacha bahari, inapita kwenye mashamba ya mizabibu, halafu inaanza kupanda ndani ya msitu wa ile miti wanayoichuna magome kutengeneza vizibo vya chupa. Ukaniletea picha yake kwenye simu: pale walipochuna, shina linabaki jekundu kama goti lililochubuka. Kona, kona, kona. Juu kabisa msitu unafunguka na bahari inaonekana chini, na karatasi inasema hapo wageni wapumzike wapige picha. Halafu mteremko mpaka kwenye kijiji chenye bomba la maji uwanjani, wajaze chupa zao. Siku za upepo mkali msitu hufungwa kwa kuogopa moto, na kuna mlima mmoja, njia ya saba, ambao uliungua wote na sasa una miti myeusi iliyosimama tu. Nilipokusomea hiyo uliiwekea alama.

Njia ya nne ndiyo niliyoipenda mimi. Inapita katikati ya miti ya yale matunda yenye ganda la miiba, ambayo watu wa huko huyachoma wakati wa baridi. Nikakuonyesha kona ya tano nikakwambia: hapa shika breki ya nyuma kwanza, pole pole, kwa sababu patakuwa na majani yaliyooza. Hayakuandikwa kwenye karatasi. Lakini barabara imekunja ikauingia ubavu wa mlima upande ambao jua halifiki, na pasipofika jua majani hayakauki.

Ukaniangalia. "Haibo, Baba. Unajuaje vitu hivi? Mimi sijawahi kukuona juu ya baiskeli hata siku moja."

Nikasema ni magoti. Magoti yangu ni mazima, Aziza.

Maneno yaliyonitesa kwenye karatasi zile ni yale mawili yaliyokuwa juu ya kila ukurasa, barabara tulivu. Kuyatafsiri si kazi. Ila sisi tuliokuwa tukibeba ndizi kutoka Bugarama, juu milimani, kushuka Bujumbura, barabara tulivu kwetu ilikuwa barabara ya njaa. Kushuka hakukuwa na shida: unafunga mikungu kwenye keria mpaka baiskeli haionekani, mlima unakupeleka wenyewe, na mguu mmoja umeukandamiza kwenye tairi la nyuma kuisaidia breki. Taabu ilikuwa kurudi juu. Hakuna binadamu anayekanyaga kutoka ziwani mpaka Bugarama kila siku akabaki na mapafu. Kwa hiyo tulingoja malori. Lori linapanda linaguna, wewe unalikimbilia kwa nyuma, unadaka chuma chake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika usukani, na unavutwa mlima mzima ukila moshi. Siku isiyo na malori ni siku isiyo na chakula. Ndiyo maana nilipokuwa nakusomea "hapa hakuna magari, hapa ni msitu mtupu", wewe ulikuwa unaona raha na mimi nilikuwa naona watu wamekaa pembeni na baiskeli zao, wanangoja.

Kulikuwa na sheria. Haikuandikwa popote na hakuna polisi aliyeijua. Nyuma ya lori pana pembe mbili. Kwetu gari hukaa kulia, kama huko uendako, si kama hapa. Kwa hiyo pembe ya kulia iko upande wa majani: lori likiyumba unaachia mkono, unaangukia nyasini, unachubuka, unainuka, unatukana. Pembe ya kushoto iko upande wa barabara. Huko ndiko yanakoteremka magari mengine, na kwenye kona hukata karibu, na ukianguka unaangukia chini yao. Sheria ilisema, wakiwa wawili nyuma ya lori, mkubwa hukaa upande wa barabara, mdogo hukaa upande wa majani. Hata kama hamjuani. Mnatazamana, mnapimana umri, kila mtu anakwenda kwenye pembe yake. Niliwahi kumwona mtu mwenye mvi akigombana na kijana aliyetaka kumwachia nafasi nzuri. "Unaniona mimi mtoto?" alimwuliza, na kijana akahama.

Baba yako mdogo Issa alikuwa na miaka kumi na saba, mimi ishirini na miwili. Mwaka mzima tulipanda pamoja, mimi kushoto, yeye kulia. Alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba vibaya mno, na kwa kuwa alijua kwamba anaimba vibaya aliongeza sauti, mdomo wazi ndani ya moshi ule. Nilimwambia atakufa kwa kikohozi.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kukuambia, basi dogo lilinipita karibu sana kwenye kona, kioo chake kikanipiga begani. Halikuniumiza. Lilinichania shati tu. Lakini kitu kiliniingia siku ile na hakikutoka. Kila nikifumba macho nasikia ule upepo wake. Nikaanza visingizio: leo mnyororo, kesho tumbo, keshokutwa mvua. Sikumwambia mtu, maana mkubwa akisema anaogopa upande wa barabara, basi amesema yeye si mkubwa.

Visingizio vikaisha. Lori lilikuja, limebeba saruji, tukalikimbilia. Na kabla hatujalifikia nikamwambia Issa, tena kwa bashasha, kama mtu anayetoa zawadi: "Leo umeshakuwa mwanamume. Kaa kushoto."

Akageuka. "Kweli, kaka?"

"Kweli. Mimi nimezeeka."

Alifurahi, Aziza. Hapo ndipo panaponiua mpaka leo. Hakuuliza mara ya pili. Aliidaka ile pembe kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba, akaanza kuimba. Mimi nikashika upande wa majani. Nakumbuka nilivyopumua. Nyasi zilikuwa karibu kiasi cha kuzigusa kwa kiatu, nikasema moyoni, kumbe huku ni kuzuri hivi.

Kwenye kona ya tatu lori jingine lililokuwa likiteremka lilikata karibu. Sikuliona, nililisikia. Kuimba kukakoma. Mimi nikaachia mkono, nikaangukia nyasini, nikachubuka goti, nikainuka. Hayo ndiyo magoti ninayoyasingizia.

Nilichokiona barabarani sitakuandikia. Kinachokuhusu wewe ni kilichofuata.

Tulipomfikisha Issa nyumbani, mama yetu alilia, halafu akanyamaza, halafu akaniuliza swali moja: "Ilikuwaje akawa kushoto?" Alikuwa anaijua sheria. Kila mwanamke mwenye mtu wake kwenye barabara ile aliijua, ndiyo aliyoitegemea mchana kutwa. Ua ulikuwa umejaa watu, wote wananitazama mimi.

Nikasema, "Aliniwahi. Nilimkataza, hakusikia."

Maneno matatu. Hata sikuyatafuta, yalikuja yenyewe. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Issa na ukaidi wake," na tangu saa ile ndivyo alivyozikwa, Issa mkaidi. Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila alipomwombea dua alimwomba Mungu amsamehe mwanawe ukaidi, na mimi niliyekaa pembeni yake niliitikia amina. Alipofariki nilikuwa tayari niko hapa Johannesburg, mtaa huu wa La Rochelle. Habari ilinikuta nimeshika tairi la mtu, nikalimaliza kuliziba, kisha nikaingia ndani. Nilikuwa nimekosa mtu wa kumwambia ukweli, na nitakuambia aibu yangu yote: nililia, lakini kuna sehemu yangu ilitulia.

Nilidhani uongo ule ungebaki Bujumbura na makaburi yake. Kumbe nilivuka nao mipaka yote, nikauleta mpaka kwako.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekuungia kile kibaiskeli cha kwanza, fremu ya kuokota, magurudumu ya kununua Fordsburg. Ukateremka nacho mtaani, ukapita robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, teksi ikafunga breki mpaka watu wakatoka madukani. Nilikunyanyua kwa mkono mmoja. Nikakwambia, "Unataka kufa kama baba yako mdogo Issa? Ukaidi ndio uliomuua!" Nilishangaa mdomo wangu ulivyolisema neno hilo kirahisi. Ulitii, nami nikaona limefaa. Tangu siku ile nikalifanya fimbo. Ukichelewa kurudi, Issa. Ukijibu kwa hasira, Issa. Ukiteremka kwa kasi kwenye vilima vya Klipriviersberg, Issa. Nilimtoa marehemu kaburini kila wiki aje anisaidie kulea.

Halafu yale mashindano ya Cape Town. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulikuwa umechaguliwa, jezi ulikuwa umeshapewa. Ukarudi jioni ukasema umekataa. Nikakuuliza kwa nini.

"Ah, Baba. Mimi nikiwa mbele sisikii mtu. Ni ile damu ya Issa. Acha tu, niko sharp."

Ukaenda kulala. Kwa muda mrefu ile jezi ilikaa mlangoni kwako, kisha ukaifanya kitambaa cha kufutia mnyororo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtoto wangu amebaki nyumbani. Nikayaita hayo malezi mema. Sasa nayaita kwa jina lake: nilikupa woga wangu uubebe, na nikakudanganya kwamba ni woga wa kujihadhari na damu yako mwenyewe.

Damu hiyo haipo. Issa alikuwa mtiifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Alikufa kwa kutii. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeitazama kwa dakika nyingi, na sitaifuta.

Wiki iliyopita ndipo uliponimaliza, bila kujua. Yule mwenye nyumba ya wageni alikuomba mistari michache kuhusu wewe, waibandike ukutani wageni waisome wakati wa kifungua kinywa. Ukaiandika, ukanisomea umesimama hapo kwenye friji: kwamba unatoka kwenye ukoo wa waendesha baiskeli wa milimani, kwamba baba yako mdogo alikufa kwa ukaidi wake, na kwamba umerithi miguu yake na ukaidi wake umeuacha Johannesburg. Ukacheka. Ukaniuliza, "Iko sawa, Baba?" Nikasema iko sawa, nikatoka nje kutafuta spana. Spana ilikuwa mfukoni.

Sasa Issa mkaidi anakwenda kubandikwa kwenye ukuta wa watu, karibu na bahari ambayo hakuwahi hata kuisikia, asomwe na wageni wanaokunywa kahawa.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini tukitembea nakuhamisha, kila tukivuka nakuhamisha tena, ili mimi niwe upande wa magari. Nilikwambia ni mazoea. Mama yako naye alinicheka, akasema natembea kama askari wa lindo. Nimeshika upande ule kwa miaka yote hii, kwenye kila mtaa wa mji huu, na hakuna hata siku moja ambayo ilimrudisha mtu.

Nakuona utakavyokuwa huko. Sitakuja kukuona kwa macho, hilo tusidanganyane. Karatasi zangu za kuishi hapa ni zile za kupanga foleni na kupigwa muhuri na kurudi tena, hazivuki bahari. Na wewe unasema ni miezi sita, lakini nimeishi na watu waliosema miezi sita. Mimi mwenyewe nilisema hivyo nilipoondoka kwetu. Ukikaa, kaa, sitakulaumu. Naumia tu mapema ili nisije kukuumiza baadaye kwa simu.

Basi nakuona kwenye zile njia kumi, maana nazijua kama chumba hiki. Na nakuambia jambo moja ambalo karatasi haikusema: barabara tulivu inatisha kwa namna yake. Hakuna lori la kushika, hakuna moshi wa kusingizia. Unapanda na kila ulichobeba, na unasikia pumzi yako tu, na miguu ikizunguka kichwa hubaki peke yake. Ndiyo sababu niliacha. Nilijaribu mara moja hapa, mwaka wa kwanza, Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu. Sikumaliza kilima. Nilimsikia akiimba. Nikashuka, nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, na tangu hapo nimezitengeneza za wengine.

Sitaki wewe ushuke. Na sitaki upande ukiwa umebeba vya kwangu.

Utakuwa na wageni, watu wazima, wengine wakubwa kuliko mimi. Wataogopa na hawatasema. Utawajua kwa visingizio: mnyororo, tumbo, mvua. Wewe mwenyewe utaogopa siku moja, mbele yao wote, ukiwa na shati lenye neno "kiongozi" mgongoni. Hapo ndipo pabaya, maana mtu mwenye cheo hufanya lolote ili woga wake usionekane. Ningesema siku ile, "Issa, leo naogopa, tungoje lori jingine", angenicheka mpaka Bugarama, angewasimulia watu wote sokoni, angenitungia na wimbo. Na leo angekuwa na mvi, na wewe ungekuwa unamchoka kwa kelele zake.

Hiyo ndiyo bei ya neno "naogopa". Kuchekwa tu.

Leo alasiri, ulipokuwa unasukwa, nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako kitandani. Nilisema yote nimesimama mlangoni na kofia kichwani. Hakunipigia kelele. Alikunja blauzi ileile mara tatu. Mwisho akauliza:

"Mama mkwe alijua?"

"Hakujua."

"Mpaka kufa?"

"Mpaka kufa."

Akaiweka blauzi ndani ya sanduku. "Mimi umenificha ndoa nzima. Hilo tutalizungumza wewe na mimi, mtoto akishaondoka. Lakini Aziza usimsafirishe na uongo wa marehemu. Na mwambie mwenyewe. Mimi sikubebei."

Nikaona njia rahisi. Ningeandika barua hii, niitie ndani ya boksi, chini ya gurudumu la mbele, nirudishie selotepu. Ungeikuta huko baada ya siku mbili tatu, unaunga baiskeli peke yako kwenye chumba cha watu. Ungelia huko, ungenichukia huko, na siku ya kunipigia simu ungekuwa umeshapoa. Nilichukua kisu nikapasua selotepu. Nikawa nimepiga magoti mbele ya boksi, kisu mkononi, na hapo nikajitambua niko wapi. Niko palepale. Wewe peke yako upande wa barabara, mimi nyasini, napumua.

Nimelifunga boksi. Barua haimo.

Utaisoma hapa mezani, leo, ukirudi, na mimi nikiwepo. Kiswahili chako cha kusoma nakijua, kwa sababu ni mimi niliyezembea kukufundisha. Unasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, ukifika kwenye neno refu unasimama. Ningeweza kumwomba mtu anigeuzie kwa Kiingereza, ungemaliza kwa dakika tano. Sikutaka. Nataka ukwame. Ukikwama, uniulize, nami nitalisema neno hilo kwa mdomo wangu, kila neno, pamoja na yale matatu niliyomwambia mama yangu uani. Hayo sijawahi kuyatamka tena tangu siku ile, na sijui yatatokaje.

Ukitaka kuinuka kabla hujamaliza, inuka. Ukitaka kesho usindikizwe na mama yako peke yake, nitalibeba boksi mpaka kwenye gari, nitalifunga vizuri, nitarudi ndani. Sikuombi unisamehe usiku wa safari. Mtu haombwi mambo mazito akiwa na sanduku mlangoni. Nakuomba kitu kidogo zaidi: yale maandishi ya ukutani yabadilishe. Andika unavyotaka, hata kuhusu mimi. Lakini yeye andika kwamba alikuwa anaimba vibaya, na kwamba alifanya alichoambiwa na mkubwa wake.

Geti limelia. Saa nne kasorobo, sikusema? Unaongea na jirani, nasikia kicheko chako.

Ingia, mwanangu. Kaa kwenye kiti chako cha ukutani. Huku upande wa barabara nimekaa mimi.

Baba yako,
kaka yake Issa